Wazamiaji wa ribritha: kwa nini nirudishwe ngazi ya kwanza wakati kilichoniponza ni naitrojeni?

#1 Mbudya Kaskazini

Wakuu, heshima kwenu.

Nimezama kwa mitungi ya kawaida miaka 9, mara 300 na ushee, nyingi hapa hapa Dar, chache Pemba na Mafia. Mwezi uliopita nilianza mafunzo ya ribritha, ile mashine ya mzunguko uliofungwa. Pumzi unayoitoa inapita kwenye chujio la chokaa linalonasa hewa ukaa, mashine inaongeza oksijeni uliyoitumia, unavuta tena ile ile. Hakuna mapovu. Lengo langu ni trimiksi, mchanganyiko wa oksijeni, heliamu na naitrojeni, nifike mita 60 kwenye kuta za huko nje.

Siku ya 6 tulishuka mita 34 nje ya Mbudya. Gesi ya kuchanganyia ilikuwa hewa ya kawaida. Mkondo ukaanza kuvuta, tukapiga mapezi kama dakika 10 kurudi kwenye kamba ya nanga. Hapo pumzi ikaanza kunipungukia. Navuta, haitoshi. Navuta tena, haitoshi. Skrini ya mkononi inasoma mgandamizo wa oksijeni 1.2 kwenye seli zote 3 za kuipimia, hakuna onyo lolote. Nilijua kabisa natakiwa kufunga kinywa cha mashine na kuhamia mtungi wa akiba. Regulata yake, kile kifaa cha kuvutia hewa mdomoni, ilikuwa inaning'inia chini ya kidevu, naiona. Mkono haukunyanyuka. Mwalimu ndiye aliyenifungia mashine na kunisukumia regulata mdomoni. Kichwa kiliniuma mpaka saa 4 usiku.

Sasa mwalimu (chuo sitakitaja) anasema nirudie ngazi ya kwanza yote kabla hajanigusisha heliamu. Mimi nasema ule ulikuwa ulevi wa naitrojeni, na heliamu hailevyi. Dawa yake si ndiyo kuanza na heliamu mapema? Nakosea wapi?

#2 Chumvi Kali

Nimeona "wazamiaji" nikajua ni wale vijana wa kuzamia meli kwenda Ulaya. Kumbe ni elimu. Naweka kambi hapa.

#3 Fundi Mitungi

Mkuu pole, na huyo mwalimu mshukuru.

Ulevi wa naitrojeni haukati pumzi. Nimeshalewa mita 45 enzi za ujana. Unasoma geji mara tatu na huelewi ulichosoma, unaona kila jambo linakwenda taratibu, wengine wanacheka peke yao. Kiu ya hewa haimo. Kiu ya hewa ni hewa ukaa, na hewa ukaa maana yake chujio lako lilipitisha.

Hebu nieleze ulivyolipakia. Chokaa unaimimina kidogo kidogo, unagonga ubavu wa kopo kwa kiganja mpaka punje zikae, unaongeza, unagonga tena, mpaka ukifunga kifuniko na kulitikisa sikioni husikii kitu. Ukiimwaga mara moja kama mchele kwenye debe inaacha njia katikati, na pumzi ni kama maji, inafuata palipo na njia. Halafu kopo lililopakiwa usiku nyumbani, likapanda boti inayorukaruka kutoka Msasani mpaka nyuma ya Mbudya, limeshuka kiasi gani hadi mnafika?

Na chokaa ilifunguliwa lini? Ina unyevu wake. Ukikauka, kazi yake inapungua.

#4 Mbudya Kaskazini

Fundi, nilipakia usiku, ndiyo. Ndoo ya chokaa ilifunguliwa wiki 2 kabla, nikaifunga kwa nailoni. Lakini juu ya boti nilikaa dakika 5 nzima napumulia mashine, pua imezibwa, kama tulivyofundishwa. Nilikuwa sawa. Chujio bovu si lingejionyesha pale?

#5 Binti wa Kigamboni

Nimesoma ribritha mpaka ngazi ya mita 60, kwa hiyo naandika nilichokipitia mwenyewe.

Zile dakika 5 haziwezi kukuthibitishia chujio. Umekaa kwenye benchi la boti, mwili unatoa hewa ukaa kidogo tu, hata chujio lenye kasoro linaimudu. Watafiti wameshawapa watu mashine yenye chujio lililoharibiwa makusudi, wapumue wakiwa wamekaa, na walio wengi hawakugundua. Dakika 5 zile ni za kuangalia kama oksijeni inaongezwa na kama seli zinaitika. Hilo alitakiwa kukueleza mtu.

Ila kwa Fundi nina neno. Chujio linaweza kuwa zima kabisa na bado mtu akajaa hewa ukaa, kwa sababu ya uzito wa gesi. Kina kinavyoongezeka gesi inakuwa nzito, mapafu yanashindwa kuisukuma, na hewa ukaa inabaki mwilini kabla hata haijafika kwenye chokaa. Ushauri wa wataalamu ni usivuke gramu 5.2 kwa lita, na 6.2 iwe ukuta. Hewa ya kawaida inafika 5.2 ukiwa mita 30 tu. Mita 34, mgandamizo ukiwa mara 4.4 ya huku juu, unavuta gesi ya kama 5.7. Weka juu yake dakika 10 za kupiga mapezi kinyume na mkondo. Mimi hapo sishangai.

Na hapa mleta uzi ana haki kidogo. Ungekuwa na trimiksi ya 18/45, yaani oksijeni asilimia 18 na heliamu asilimia 45, kwa kina hicho hicho ungekuwa unavuta gesi ya 3.8 hivi. Heliamu ni nyepesi. Sisi tunaiona dawa ya ulevi, kumbe faida yake nyingine kubwa ni kwamba inapumulika.

#6 Mbudya Kaskazini

Asante dada. Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

#7 Binti wa Kigamboni

Sijasema hivyo hata kidogo. Soma tena ulichoandika wewe mwenyewe: "Mkono haukunyanyuka." Heliamu hainyanyui mkono.

#8 Kaskazi Kavu

Nyote mmeruka kitu. Huo mtungi wa hewa ulijazwa wapi? Maumivu ya kichwa mpaka saa 4 usiku yananipeleka kwenye kaboni monoksaidi. Nimeona kwa macho yangu kompresa imewekwa nyuma ya nyumba, bomba lake la kuvutia hewa linatazama eksozi ya jenereta, na upepo wa kusi unarudisha moshi wote pale pale. Umeme ukikatika siku hiyo, jenereta ikawashwa, wateja wote wanabeba moshi. Haina harufu, haina rangi, na chokaa hainasi kaboni monoksaidi. Mwenzako aliyejaza pale pale aliumwa?

#9 Mbudya Kaskazini

Tulikuwa wanafunzi 2, mitungi ya sehemu moja. Mwenzangu hakuumwa. Lakini yeye hakupiga mapezi kama mimi, alikuwa karibu na kamba.

#10 Kaskazi Kavu

Basi bado haijafutika. Wewe ulihema zaidi.

#11 Fundi Mitungi

Kaskazi, kwenye ribritha gesi ya kuchanganyia inaingia wakati wa kushuka tu, kujaza mifuko ya pumzi isibanwe. Ukishatulia kwenye kina chako, kinachoongezwa ni oksijeni, na oksijeni haitoki kwenye kompresa ile. Kwa hiyo kuhema zaidi hakumwongezei moshi kama mtu wa mtungi wa kawaida.

#12 Kaskazi Kavu

Kweli, nakubali hilo. Ila ulioingia wakati wa kushuka hautoki, unazunguka humo humo. Siifuti.

#13 Mzee wa Dau

Vijana wangu, mimi si wa mashine. Nimevua miaka 41, Kunduchi mpaka Fungu Mbaraka. Mdogo wangu alikuwa anazamia majongoo bahari kwa kompresa, ile ya bomba refu la njano mdomoni, mtu anashinda chini tangu asubuhi. Siku moja alipanda mbio kwa sababu bomba lilijikunja. Akala chakula kizuri tu, jioni miguu ikafa. Tulizunguka naye kwa waganga siku 4, kila mmoja anasema ni shetani wa baharini amemkalia. Daktari ndiye aliyesema ni mapovu ya naitrojeni yamekwama kwenye uti wa mgongo, na kwamba zile siku 4 ndizo zilizokuwa na thamani. Anatembea kwa gongo mpaka leo.

Swali langu ni hili. Hiyo heliamu nayo inaacha mapovu, au ni naitrojeni peke yake?

#14 Binti wa Kigamboni

Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa mdogo wako.

Inaacha, mzee. Heliamu nayo inaingia mwilini chini ya mgandamizo na lazima itoke taratibu. Mtu wa trimiksi anapanda kwa vituo, anasimama hapa dakika kadhaa, pale dakika kadhaa, hesabu iko kwenye kompyuta ya mkononi. Mtu akikuambia heliamu inakuondolea vituo, mkimbie. Na kwa wanaosoma: mtu akipanda akaanza ganzi au miguu kuisha nguvu, mpeni oksijeni tupu pale pale kwenye boti, alale, na mumpeleke kwenye chemba ya mgandamizo. Msisubiri asubuhi.

#15 Mzee wa Dau

Marahaba binti. Nimeelewa.

#16 Chumvi Kali

Swali la mtu wa nchi kavu. Heliamu si tunayo wenyewe kule Rukwa? Nakumbuka trilioni 54 za futi za ujazo. Kwa nini mzamiaji wa Dar ailie shida?

#17 Kusi Mpole

Bilioni 54, mkuu, si trilioni. Ni makadirio yaliyotangazwa mwaka 2016, watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham wakiwa na kampuni ya uchimbaji. Na gesi iliyo chini ya Bonde la Rukwa bado haijawa mtungi wenye valvu mkononi mwako. Kuna kuichimba, kuisafisha, kuisindika, ndipo ifike kwa mtu.

Ila uchungu wako naupata. Ndiyo maana ribritha na heliamu vinakwenda pamoja. Chukua mtu anayevuta lita 20 kwa dakika huku juu. Mita 60 anavuta lita 140, mita 100 anavuta 220, na zote anazipuliza ziwe mapovu. Mtungi wa lita 12 uliojaa una lita 2,400 hivi. Mita 100 huo mtungi hata dakika 11 haufikishi. Mwenye ribritha anatumia oksijeni ya mwili wake, lita moja kwa dakika au pungufu, kina kiwe chochote. Heliamu yake inazunguka humo humo.

#18 Chumvi Kali

Nimekoma kwenye trilioni. Halafu, mkiwa chini mnaongea kwa sauti ya katuni?

#19 Fundi Mitungi

Kinywa kimejaa mashine, utaongea nini? Ila ukipiga kelele ndani ya kinywa cha mashine, ndiyo, inatoka ya bata.

#20 Kusi Mpole

Narudi kwenye mada, maana mleta uzi ameshikilia kwamba heliamu ingemwokoa. Soma habari za David Shaw, pango la Boesmansgat, Afrika Kusini, tarehe 8 Januari 2005. Mtu aliyebobea, na ribritha, na mchanganyiko wenye heliamu, mita 270. Alikwenda kuutoa mwili wa Deon Dreyer, aliyefia humo mwaka 1994. Kazi ikawa nzito kuliko alivyopanga, akahema kwa nguvu, hewa ukaa ikamzidi. Hakurudi. Heliamu alikuwa nayo.

#21 Mbudya Kaskazini

Huyo alikuwa mita 270. Mimi nilikuwa 34.

#22 Kusi Mpole

Ndicho kinachonitisha. Wewe yamekukuta 34.

#23 Fundi Mitungi

Nyongeza kwa wanaodhani trimiksi ni hatua ndogo. Mashirika ya mafunzo ya uzamiaji kama TDI yanagawa hivi: hewa ya kawaida mpaka mita 40, heliamu ya ngazi ya kwanza mpaka 60, ngazi ya juu mpaka 100. Na cheti ni cha aina moja ya mashine. Ukibadili mashine unarudi darasani.

Ngazi ya 100 ndiyo yenye mitego. Mchanganyiko wa 10/70 una oksijeni asilimia 10. Mita 100 ni salama. Juu ya maji ukiuvuta unazimia bila kujua. Mtungi mzuri, umejaa, regulata safi, na unakuua ukiwa umeshika ngazi ya boti. Kwangu hapa mtungi ukiingia bila plasta haupiti mlangoni. Plasta nyeupe pana, kalamu ya wino mzito, oksijeni asilimia ngapi, heliamu asilimia ngapi, mwisho mita ngapi, tarehe, na sahihi ya aliyepima. Anapima atakayeuvuta. Vijana wananiona msumbufu. Nimeshika mtungi ulioandikwa hewa nikaupima ukasoma oksijeni 50. Aliyeuleta alikuwa anakwenda nao mita 40 kesho yake.

#24 Wimbi la Pangani

Mimi nataka kuuliza upande wa seli. Mleta uzi anasema zote 3 zilisoma 1.2. Seli zina umri, zikizeeka zinakwama. Mashine inapiga kura, mbili zikikubaliana ya tatu inapuuzwa. Zikizeeka mbili pamoja, zile mbovu ndizo zinashinda uchaguzi. Huenda oksijeni halisi ilikuwa 1.8 na skrini inakuambia 1.2.

#25 Binti wa Kigamboni

Wimbi, hoja nzuri ila dalili hazifanani. Oksijeni ikizidi kinachoogopwa ni degedege chini ya maji, linakuja ghafla. Si kiu ya hewa.

Ila ulichosema kinapimika, na kila mwanafunzi afundishwe mpaka mkono ufanye wenyewe. Unapuliza hewa safi kutoka mtungini kwenye mzunguko, unaangalia skrini. Mita 34, hewa ya kawaida, seli nzima lazima zishuke hadi 0.92. Ikigoma kushuka, hama. Mbudya Kaskazini, ulipuliza?

#26 Mbudya Kaskazini

Sikupuliza. Sikuwa na akili hiyo.

#27 Wimbi la Pangani

Dada, dalili hazifanani kwenye kitabu. Mtu mwenye hofu chini ya maji anaeleza chochote. Mimi seli zake ningezipima.

#28 Nyumba ya Chumvi

Samahani nawatoa kidogo. Mimi ni wa Unguja, naishi Dar. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Mama yangu mdogo alikuwamo. Hatukupata cha kuzika. Kila nikisikia kuna watu wanaweza kushuka mita 100 nauliza, kwa nini hatuna wetu? Wa Zimamoto, wa Polisi, wa bandari, wawe na ujuzi huu na mashine zao, siyo kusubiri wageni wapande ndege.

#29 Kusi Mpole

Pole sana ndugu yangu.

Sitakudanganya. Mkondo wa Nungwi ni maji marefu yenye nguvu, na ribritha haizuii mkondo. Kuna vina ambavyo hata mtu wa trimiksi hafiki, vinataka roboti. Lakini ombi lako ni la haki. Ajali nyingi zinatokea kwenye vina ambavyo mtu aliyefundishwa vizuri anafika. Na mafunzo hayo huanzi siku meli imezama, ni kazi ya miaka.

#30 Wimbi la Pangani

Pole sana. Naongeza la kwetu Tanga. Silikanti, samaki aliyedhaniwa amekwisha duniani mamilioni ya miaka, ananaswa kwenye nyavu za wavuvi wetu, mpaka ikatengwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Afrika Kusini walimwona hai Sodwana mwaka 2000, mita 104, waliomwona ni wazamiaji wa trimiksi. Mwaka 2013 Laurent Ballesta na wenzake wakamfuata huko huko kwa ribritha, samaki hakimbii kwa sababu hakuna mapovu. Sisi tunamwona akiwa amekufa kwenye sakafu ya soko. Mbudya Kaskazini, hili ndilo ningetamani ulifanye siku moja, ukiwa hai.

#31 Kaskazi Kavu

Hamjamuuliza alikula nini. Boti, jua la saa 5, suti nyeusi, hajanywa maji. Hilo peke yake linatosha kumpa mtu kichwa mpaka usiku.

#32 Mbudya Kaskazini

Chai na chapati 2 saa 12 asubuhi. Maji chupa ndogo moja.

#33 Kaskazi Kavu

Umeona.

#34 Mbudya Kaskazini

Wakuu, nimerudi. Baada ya kusoma ya Fundi nilikwenda kuifungua mashine. Haikuguswa tangu siku ile zaidi ya kuoshwa nje, jambo ambalo nalo mwalimu amenigombeza.

Nimelifungua kopo juu ya kanga ya mke wangu, taratibu. Chini ya kifuniko kulikuwa na nafasi ya upana wa kidole changu kidogo upande mmoja. Upande wa pili chokaa imegusa kifuniko. Kwa hiyo Fundi, ilishuka, na ilishuka kishingo upande.

Halafu nikafungua kinywa cha mashine. Kuna vile vibati 2 vya mpira mwembamba vinavyoruhusu pumzi iende upande mmoja tu. Nilipuliza kama tulivyofundishwa. Cha upande wa kutolea kilivujisha kidogo. Nikakichunguza kwa tochi ya simu, kuna unywele umelala ukingoni, mfupi, mweusi. Sijui ni wangu au wa nani. Nikautoa, nikapuliza tena, kikashika.

Seli nimempa mwalimu azipime. Moja ina miezi 19.

#35 Fundi Mitungi

Kidole kidogo upande mmoja! Hiyo ndiyo njia niliyokuambia.

#36 Binti wa Kigamboni

Au unywele. Kibati kisiposhika, pumzi uliyoitoa inakurudia kabla haijaiona chokaa. Kopo lingekuwa limepakiwa na malaika, bado ungeumwa.

#37 Wimbi la Pangani

Na miezi 19 mnairuka?

#38 Kusi Mpole

Nina shaka moja. Kopo unapakia upya, lakini vibati ni vile vile tangu siku ya kwanza. Kama ni unywele, mbona siku 5 za mwanzo hukusikia kitu?

#39 Mbudya Kaskazini

Siku 5 za mwanzo hatukuvuka mita 20. Na hakukuwa na mkondo.

#40 Binti wa Kigamboni

Gramu 5.7, nilisema.

#41 Fundi Mitungi

Na siku zile 5 kopo lilipakiwa na nani?

#42 Mbudya Kaskazini

Mwalimu.

Jumatatu tunaanza upya, ghuba ya Msasani, mita 6. Kuhama mtungi mara 20, macho yamefungwa. Nitaleta majibu ya seli yakitoka.

#43 Mzee wa Dau

Jumatatu ni bamvua. Nendeni maji yakiwa yamejaa na kutulia, msisubiri yaanze kutoka.